MNYORORO AU TAIRI? JUU YA MAGARI YA NCHI KAVU NA MAJINI

Hotuba ya wafanya kazi wa reli, iliyosomwa mbele ya wanachama mjini Garissa



Labda mtu atauliza, watu wa reli wanatafuta nini Garissa, mahali pasipo na reli? Swali hilo ni la haki. Mradi wa bandari ya Lamu ulizinduliwa mwaka 2012, na ndani yake imeandikwa reli itakayotoka Lamu, ipite Garissa, ifike Isiolo. Mpaka leo hatujaona hata taruma moja likilazwa. Lakini leo hatukuja kwa habari za reli hiyo. Tumekuja kwa sababu mmetuletea swali juu ya chuma, mpira na ardhi, na hayo ndiyo mambo tunayoshinda nayo kutwa.

Swali lenu ni hili: kila mafuriko yakipita, husikika maneno ya kununua magari yaendayo nchi kavu na majini. Wenye kuuza huonyesha picha za gari linatoka mtoni likipanda ukingo, na minyororo yake inang'aa. Ninyi madereva, mafundi na watu wa mashua mnauliza: Minyororo hiyo itadumu hapa kwetu? Na ikiwa haidumu, tuchague nini? Tutajibu kadiri tunavyojua. Nalo jibu letu kwa kifupi ni hili: msichague kwa kuyatazama maji tu. Chagueni kwa kuitazama njia yote, tangu gari linapotoka yadi hata linaporudi, na kwa kuwatazama wale watakaolitengeneza.

MAJI YETU

Mto Tana mnaujua kuliko sisi, lakini yafaa tukumbushane. Mwaka 1961, baada ya ukame mkali, mvua ilinyesha hata watu wa upande huu wakakatiwa njia, na chakula kikadondoshwa kwa ndege. Mwaka 1997 zilianza mvua za El Niño zikaingia mwaka 1998; barabara zilikatika, na homa ya Bonde la Ufa ikaua mifugo na watu. Novemba 2023 maji yalipanda juu ya barabara kati ya Garissa na Madogo, malori yakalala pande zote mbili, na watu wakavushwa kwa mashua. Tarehe 9 Aprili 2024 basi la abiria lilisukumwa na maji karibu na Tula, na watu 51 wakaokolewa. Tarehe 28 ya mwezi uo huo mashua ilipinduka Kona Punda, kati ya Madogo na Garissa. Watu 23 waliokolewa, na wengine wakafa maji.

Tena mafuriko ya hapa hayangoji mvua ya hapa. Maji hutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yakijaa na kumwagika, mto hushuka huku Garissa penye jua kali, na mtu akaamka maji yako mlangoni.

Katika kila jambo tulilolitaja, palikuwa na mfanya kazi aliyeshika usukani, au kasia, au kamba. Kwa hiyo neno hili la gari gani linunuliwe si neno la ofisi peke yake. Gari likikwama katikati ya maji, karatasi za ununuzi hazipo pale. Aliyepo ni dereva na watu aliowabeba.

MNYORORO NI NINI

Reli ni njia iliyolazwa chini, na behewa hupita juu yake. Mnyororo wa katapila nao ni njia, ila gari huibeba lenyewe. Huilaza mbele, hupita juu yake, kisha huiokota nyuma na kuileta mbele tena. Faida yake ni kueneza uzito.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme gari na watu wake lina kilo 1,000. Lina minyororo miwili, na kila mmoja unagusa ardhi kwa urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 45. Jumla ni sentimita za mraba 18,000. Gawanyeni, mtaona kila sentimita moja inabeba gramu 56 hivi. Sasa chukueni mtu wa kilo 70. Nyayo zake mbili zinagusa ardhi kwa sentimita za mraba 400 hivi, na kila moja inabeba gramu 175. Gari zima linaikanyaga ardhi kwa uzito usiofika thuluthi ya ule wa mtu mmoja aliyesimama! Ndiyo maana mtu huzama topeni hata magoti, na gari la mnyororo likapita kando yake.

Tope la mtoni lina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1904 huko Stockton, California, fundi Benjamin Holt aliondoa magurudumu ya nyuma ya trekta lake la mvuke akatia minyororo, kwa sababu udongo wa mashamba ya bonde lile ulikuwa laini na magurudumu yakididimia. Baadaye, mwaka 1935, Donald Roebling wa Florida alimaliza kuunda gari la mnyororo linaloelea, kwa nia ya kuokoa watu katika mabwawa ya matope baada ya tufani. Alitia vibao juu ya mnyororo ili vipige maji kama makasia. Wanajeshi wa Marekani wakalichukua wazo lile wakaunda magari yao ya vita. Basi kazi ya kwanza ya gari hilo ilikuwa ndiyo hii yenu, kuokoa watu majini.

Lakini sikilizeni upande wa pili. Ngamia ana unyayo mpana na laini, naye ni bwana wa mchanga. Mpelekeni kwenye udongo mweusi uliolowa, mtamwona anateleza miguu ikitawanyika. Hapana mguu mmoja ulioumbwa kwa ardhi zote. Mnyororo nao ni vivyo hivyo.

WALAJI WATANO WA MNYORORO

Wazee walisema, bandu bandu huisha gogo. Mnyororo haufi siku moja, huliwa kidogo kidogo. Nasi twawajua walaji watano.

Mlaji wa kwanza ni ardhi ngumu. Katika tope, meno ya mnyororo huzama, na uzito hubebwa na upana wote. Juu ya lami au changarawe, meno hayazami, na uzito wote husimama juu ya ncha zake. Ncha hizo ndizo zinazosagika. Kwa hiyo mnyororo uliofanywa kwa ajili ya tope huliwa zaidi mahali pakavu. Hili watu hawalitazamii. Hudhani maji na tope ndiyo mateso ya mnyororo.

Wa pili ni kugeuka. Magari mengi ya namna hii hayana usukani wa kupinda magurudumu. Dereva huzuia upande mmoja, upande wa pili ukaendelea, gari likazunguka kwa kuburutwa. Wenzetu wa gangi wanajua kwamba reli ya kwenye kona huliwa mapema kuliko reli iliyonyooka, kwa sababu gurudumu huisugua ubavu. Mnyororo nao kila ukigeuzwa papo hapo juu ya changarawe huburutwa kiubavu, na mawe yenye makali huung'ata. Dereva mwenye adabu hugeuka kwa duara kubwa, tena hutafuta mahali laini pa kugeukia.

Wa tatu ni mchanga. Mnyororo wa chuma una pini katika kila kiungo, na kila kiungo hujipinda gari linapokwenda. Mchanga ukiingia ndani ni tupa. Mchanga na maji pamoja ni jiwe la kunolea. Magari ya kwanza ya vita yaliyotokana na lile la Roebling yalipata taabu hiyo hiyo, minyororo yao ikaliwa haraka kwa mchanga na maji ya chumvi, hata ikabidi waundaji waifanye upya.

Wa nne ni mkazo usio sawa. Mnyororo uliokazwa mno hula beringi, huvuta ekseli, hunyonya mafuta. Mnyororo unaopwaya huruka meno na kutoka. Ukitoka nchi kavu ni taabu ya saa moja. Ukitoka majini, upande mmoja unasukuma na mwingine umekufa, gari huzunguka mahali pamoja kama kuku aliyefungwa mguu, na maji yanalichukua.

Wa tano ni kulala. Huyu ndiye mlaji mkubwa wa hapa Garissa, wala hatajwi. Mafuriko hayaji kila mwezi. Gari la mafuriko hufanya kazi wiki chache, kisha hukaa yadi mwaka, pengine miaka. Jua hupasua mpira. Mafuta na dizeli iliyodondoka huulainisha. Uzito wa gari huukandamiza mahali pamoja. Siku maji yanapokuja mnyororo una nyufa, na ofisi inasema kwamba gari ni jipya maana halijaenda mbali! Mpira hauhesabu maili peke yake, huhesabu na miaka.

AINA ZA MINYORORO

Minyororo ya magari madogo na ya kati yaendayo majini, twaweza kuigawa katika aina nne.

Ya kwanza ni ya chuma, iliyounganishwa kwa pini. Faida yake ni kwamba kiungo kikivunjika, fundi huking'oa akatia kingine, kwa nyundo na ufunguo. Kasoro yake ni uzito. Chuma hupunguza mzigo ambao gari laweza kuelea nao, hupata kutu, na huharibu lami.

Ya pili ni ya mpira mtupu, mkanda mmoja wenye nyuzi ngumu ndani yake. Ni mwepesi, hauna pini za kuliwa na mchanga, na haudhuru barabara. Magari ya Sweden yaitwayo Bv206, yenye vibanda viwili na minyororo minne, hutumia aina hii, nayo huelea. Kasoro yake ni moja, lakini ni kubwa: ukikatika, haushonwi. Lazima uwe na mwingine mzima ghalani.

Ya tatu ni ya plastiki ngumu, vipande vilivyofungwa pamoja kwa boliti. Huwekwa juu ya matairi ya vigari vya magurudumu sita au manane, kama vile Argo vinavyotengenezwa Kanada. Ni myepesi, yasukuma maji vizuri, na kipande kimoja chaweza kubadilishwa. Kasoro yake ni kwamba juu ya mawe na lami huteleza na kusagika upesi.

Ya nne ni ya mikanda ya mpira yenye vyuma vilivyopita katikati. Hung'ata tope vizuri sana. Vyuma hubadilika, lakini boliti hulegea, na mkanda ukianza kuchanika penye tundu la boliti, tundu hadi tundu huchanika.

Tena, ndugu mafundi, kumbukeni kwamba mnyororo uliovikwa juu ya matairi hauwi mzigo wa matairi tu. Injini huvuta zaidi, minyororo ya ndani inayozungusha ekseli huvuta zaidi, breki za kugeuzia hupata moto zaidi. Mtu akinunua minyororo bila kuuliza kama gari lake liliundwa kuibeba, ataokoa tairi na kuua giaboksi.

FUNZO LA KONGWA

Wengine watasema, wakubwa wamekwisha pima, wana wataalamu. Basi tuwape mfano wa Afrika Mashariki yenyewe. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, hasa Kongwa. Walileta matrekta mengi ya minyororo, mengi yao mabaki ya vita, na hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Fedha hazikukosekana, wala wataalamu.

Lakini udongo wa Kongwa, ukikauka, huwa mgumu kama saruji, na ndani yake mna chembe kali za mawe zinazosaga chuma. Visiki na mizizi ya vichaka vilipinda vyuma. Vipuri vilikuwa mbali, karakana haikutosha, na waliojua kutengeneza mashine zile walikuwa wachache. Mwaka wa kwanza haujaisha, matrekta mengi yalikuwa yamesimama. Huko kusini, wenzetu wa reli walijengewa njia mpya kwenda Nachingwea kubeba karanga ambazo hazikupatikana. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na mamilioni ya pauni yamepotea. Reli ile nayo ikang'olewa katika miaka ya 1960.

Matrekta yale hayakuwa mabovu kwao yalikotoka. Yalichaguliwa kwa picha ya kazi, yasichaguliwe kwa udongo. Wala hakuulizwa mkulima wa Kongwa, wala fundi, jinsi udongo ule ulivyo wakati wa kiangazi.

TUCHAGUE NINI GARISSA

Sasa tuje nyumbani. Hebu tulitoe gari yadi ya Garissa twende nalo kwenye kijiji kilichozungukwa na maji. Kwanza ni lami, joto lake laweza kuunguza unyayo. Kisha changarawe. Kisha mchanga mwekundu na miiba ya migunga na ya mathenge. Kisha laga yenye tope. Mwishoni, maji. Kati ya safari yote maji yaweza kuwa sehemu ndogo kabisa. Gari lililovaa mnyororo tangu yadi litakuwa limekwisha kula mnyororo wake kabla halijalowa.

Kwa hiyo shauri letu la kwanza ni hili: kwa kazi nyingi za hapa, tairi pana lenye upepo mdogo liwe ndilo mguu wa kila siku. Jambo hilo si geni. Mwaka 1942 Wamarekani waliunda lori la majini liitwalo DUKW, lenye magurudumu sita, na dereva aliweza kupunguza na kuongeza upepo wa matairi akiwa amekaa kitini, laini kwa mchanga, gumu kwa barabara. Siku zetu hizi, katika Sudani Kusini, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, WFP, limetumia magari yaitwayo SHERP, yenye matairi manne makubwa mno na laini, ambayo huelea na kupiga maji kwa matairi yale yale. Hayana mnyororo, nayo yamepeleka chakula mahali ambapo lori halifiki.

Mtasema, na miiba ya mathenge je? Ni kweli, mwiba wa mathenge hutoboa tairi. Lakini tairi lililotobolewa fundi wa Garissa huliziba kandokando ya njia, kwa vifaa anavyoweza kuvibeba mfukoni. Na gari la magurudumu manane likipoteza upepo wa tairi moja, laweza kujikokota mpaka kwao. Ila angalieni: likiwa limevaa mnyororo juu ya matairi, tairi moja likiishiwa upepo, mkazo hupungua na mnyororo waweza kutoka. Basi kabla ya kuvika mnyororo, pimeni upepo wa kila tairi, na kabla ya kuingia majini pimeni tena.

Shauri la pili: minyororo iwepo, lakini ibebwe. Gari la matairi liwe na minyororo yake inayolingana nalo, ichukuliwe juu ya lori hata ukingo wa tope, ivikwe pale, ivuliwe pale pale kazi ikiisha. Ni kazi ya jasho, lakini jasho la nusu siku ni rahisi kuliko mnyororo mpya.

Shauri la tatu: mahali penye tope tupu kwa safari ndefu, katika tambarare za mto upande wa Bura, Masalani na Ijara, gari la mnyororo wa kudumu lina haki yake. Huko tairi litajaa udongo mweusi likawa kama mpira wa tope, haling'ati tena. Kwa kazi hiyo tungechagua mkanda wa mpira kuliko chuma, maana mchanga wetu utazila pini za chuma, na uzito wa chuma utatunyima nafasi ya watu. Lakini gari hilo lisitembezwe juu ya lami hata kilomita moja. Lipandishwe juu ya lori kama sisi tunavyopandisha mashine zetu juu ya behewa. Nalo lisinunuliwe bila jozi nzima ya akiba.

MAJI YANAYOKIMBIA

Hapa, ndugu zetu, twaomba kila dereva asikilize vizuri. Kuelea si kushinda mto. Magari madogo ya namna hii, yanapojisukuma kwa matairi au minyororo tu, huenda majini kwa mwendo wa mtu anayetembea, kama kilomita 5 kwa saa. Mnyororo husaidia kidogo, hauligeuzi kuwa meli. Mto Tana uliofurika huweza kukimbia kuliko hapo, tena unakuja na magogo, mizizi na seng'enge za mashamba. Seng'enge ikijisokota katika mnyororo, safari imekwisha.

Kipimo ni rahisi. Tupeni kijiti majini, mkifuate kwa miguu ukingoni. Kikiwashinda mwendo, gari hilo haliwezi kushindana na maji hayo, na dereva asiingie. Gari la namna hii ni la maji yaliyotandaa na kutulia juu ya mashamba na mitaa. Mkondo wenyewe wa mto ni kazi ya mashua yenye injini ya nguvu, au ya helikopta.

Tena hesabuni watu. Mnyororo una kilo zake, na kila kilo ya mnyororo imetolewa katika mzigo wa gari. Gari lililoandikiwa watu sita majini bila mnyororo, likivaa mnyororo laweza kuwa la wanne. Idadi hiyo iandikwe ubavuni mwa gari kwa rangi, herufi kubwa, ili dereva asilaumiwe anapomwambia mkubwa wake, Bwana, nafasi imejaa.

MAMBO YA CHAMA

Sisi tuliwahi kuona mashine ya bei kubwa imelala karakanani miezi mingi kwa kukosa pini ambayo mtu angeishika kwa vidole viwili. Waliolaumiwa walikuwa mafundi, wala hawakuulizwa chochote siku ya kununua. Kwa hiyo tunaomba wanachama wapeleke maswali haya kwa kila mwajiri anayetaka kununua gari kama hilo, kabla hajatia sahihi:

1. Katika kila kilomita kumi za kazi, ngapi ni maji, ngapi tope, ngapi mchanga na ngapi lami?

2. Mnyororo wa akiba uko wapi? Ukiwa ng'ambo, utafika baada ya siku ngapi, na nani atalipa?

3. Je, fundi wa Garissa aweza kuutengeneza kwa vyombo alivyo navyo? Kama hawezi, vyombo hivyo vimo katika bei?

4. Nani atafundisha madereva na mafundi, kwa siku ngapi, na kwa lugha wanayoielewa, Kiswahili na Kisomali?

5. Gari litalala wapi? Liwekwe kivulini, matairi au minyororo ipunguziwe uzito, liendeshwe kila mwezi hata kama hakuna mvua, na vizibo vya chini na pampu ya kutoa maji vikaguliwe.

6. Laifu jaketi ni ngapi, na dereva na msaidizi wake wamo katika hesabu?

Tena liwepo daftari. Kila injini ya reli ina daftari lake, na gari hili nalo liwe nalo: saa ngapi majini, saa ngapi nchi kavu, mkazo ulipimwa lini, kiungo kipi kilibadilishwa. Mnyororo uoshwe kila jioni ya kazi, mizizi na mawe yatolewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na siku ya ugomvi, daftari ni shahidi wa mfanya kazi.

Sheria nayo mnayo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanya kazi amwarifu mkubwa wake mara moja aonapo hatari kubwa iliyo karibu, na mwajiri hana ruhusa ya kumlazimisha arudi kwenye kazi ile mpaka hatari iondolewe. Mnyororo uliopasuka kwenye ukingo wa mto ni hatari ya namna hiyo. Semeni mapema, semeni mbele ya shahidi, andikeni katika daftari. Kusema hivyo si uvivu wala uoga.

Tunajua kuna wakati mtu anaita kutoka juu ya paa la nyumba, na dereva hawezi kungoja karatasi. Hatuwalaumu waliokwenda. Twawaheshimu. Lakini heshima hiyo isiwe sababu ya kuwapa wenzetu chombo kibovu kila mwaka, na kuwasifu wakiisha kuzama. Anayetumwa kuokoa watu apewe mnyororo mzima, tairi zima, na mafundisho kamili, kabla mvua haijanyesha.

Ndugu Mwenyekiti, tunaomba mkutano huu uchague watu watatu, dereva mmoja, fundi mmoja na mtu wa mashua mmoja, wawe macho ya chama katika jambo hili. Wawaandikie waajiri na kaunti zote mbili, ya Garissa na ya Tana River, kwa kuwa maji hayajui mpaka. Sisi wa reli tuko tayari kuwasaidia kupima vyuma na kusoma vitabu vya mashine, na barua yenu tutaijibu.

Tumemaliza. Kuuliza si ujinga, basi mwenye swali asimame aulize. Umoja ni nguvu.